Laini Iko kwa Jina Langu

Kwenye droo ya chini ya meza yangu kuna kopo la majani chai, na ndani ya kopo kuna kadi ya simu niliyoifunga kwa karatasi. Kila mwisho wa mwezi naitoa, naitia kwenye simu yangu ndogo ya mulika mwizi, naiwekea salio la shilingi 20, napiga simu moja fupi, kisha nairudisha koponi. Nafanya hivyo ili kampuni isije ikaizima. Kwenye M-Pesa ya laini hiyo kuna shilingi 6,340. Ukituma hela kwa namba ile, jina litakalokujia ni langu. Lakini pesa si zangu, na laini yenyewe sijawahi kuiita yangu.

Nina saiba ndogo Bondeni, hapa Nakuru, mwaka wa tisa sasa. Kompyuta nne, printa, mashine ya kopi, na benchi la wanaosubiri. Watu wa mtaa huniletea yale yote ambayo siku hizi yamehamia kwenye intaneti: PIN ya KRA ya kulipia ushuru, usajili wa SHA wa bima ya afya, mkopo wa masomo wa HELB, cheti cha tabia njema, maombi ya kazi. Kazi hizo zote zina mlango mmoja. Fomu ikifunguka tu, inataka namba ya kitambulisho, na pembeni pana kinyota chekundu. Usipojaza hapo, husogei.

Kinyota hicho kimenifundisha kuwatambua vijana wasio na karatasi kabla hawajafungua mdomo. Huja jioni, benchi likiwa tupu. Huulizia bei ya vitu wasivyovihitaji. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za mwingine, husema, "Na kama mtu hana hiyo namba?"

Kijana wa njugu hakuja hivyo. Yeye alikuja kuomba maji.

"Naomba maji ya kunywa, dada, kama yapo." Kwa maneno hayo tu nilijua katoka mbali. Mtu wa Nakuru husema, "Nipe maji," na wala hana ubaya rohoni. Huyu alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa akiwa amechuchumaa kando ya ndoo zake, akakisuza kabla ya kukirudisha. Sokoni walimwita Mrundi. Kwa zaidi ya miaka miwili alipita mbele ya mlango wangu kila siku na njugu karanga zake na kile kikombe kidogo cha kupimia, na sidhani kama mtaa mzima kuna watu watano waliojua jina alilopewa na mama yake. Mimi nalijua. Silitaji hapa kwa sababu sijui ataisoma nani makala hii.

Kwao ni Muyinga, kaskazini mashariki mwa Burundi. Alikuwa bado shule ya msingi mwaka 2015, Rais Pierre Nkurunziza alipogombea muhula wa tatu na watu wakaanza kukimbia nchi. Yeye hakukimbia mwaka ule. Alikaa na mama yake na wadogo zake wanne kwenye shamba lililogawanywa mara nyingi mno, hadi alipofika umri wa miaka 18 akaambiwa Kenya kuna kazi. Alipita Kobero akaingia Tanzania, akalala Mwanza, akavukia Sirari kuja Isebania, kisha Kisii, kisha hapa. Mtu aliyemleta alilipa nauli, akampa godoro, ndoo na gunia la kwanza la njugu. Akachukua na karangamuntu yake, yaani kitambulisho cha kwao. "Nikutunzie," alimwambia.

Ukitazama ramani, kijana huyu si mgeni sana. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kazi Julai 2010. Mwananchi wa nchi mwanachama anaweza kupigiwa muhuri mpakani akakaa hadi miezi sita bila kulipa viza. Lakini muhuri huo ni wa kutembea, na kuuza njugu ni kazi, na kazi ina kibali chake, na aliyemleta hakuwa na haja ya kumtafutia kibali wakati tayari alikuwa na karangamuntu yake sandukuni. Miezi sita ikaisha. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inasema anayekaa nchini kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini hadi shilingi 500,000, au kufungwa hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Nilimsomea sehemu hiyo siku aliyoniuliza. Akanyamaza, kisha akapiga hesabu ya njugu: vikombe 25,000 vya shilingi 20.

Vijana wa mtu huyo walilala saba chumba kimoja. Waliamka saa kumi alfajiri kukaanga, maana njugu ya jana hujulikana ukiitafuna. Saa moja wako barabarani. Jioni wanampelekea hesabu mtu huyo, waliyemwita tajiri, na mwisho wa mwezi tajiri anakata kodi, mafuta, chumvi, nauli ile ya kwanza isiyokwisha kulipwa, halafu anawapa kilichobaki. Hayo aliniambia kidogo kidogo, kwa miezi mingi, kila mara akiwa na kikombe cha maji mkononi.

Kitu kilichomtia hofu zaidi ni ulimi wake. Wenzake walikuwa wakikamatwa kwa sababu ya Kiswahili kizuri. Askari akisimamisha kijana asiyemwelewa, humwongelesha tu kidogo, na kijana akijibu "naam, afande, samahani," basi kwisha. Kwa hiyo akaja kufanya mazoezi kwangu. Alijifunza kusema "ya ashuu" na "ya mbao" badala ya kumi na ishirini. Alijifunza kutoomba. Nilimsahihisha nikicheka mwanzoni, hadi siku moja nilipomsikia nje akimjibu mama mtu mzima, "Leta mbao basi." Mama yule hakushtuka hata kidogo. Mimi ndiye niliyeumia, kwa sababu nilikuwa nimemsaidia kijana kuacha adabu aliyolelewa nayo ili apate kutembea barabarani.

Sasa habari ya laini.

Mwaka 2022 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza laini zote za simu zihakikiwe upya. Tarehe ya mwisho ilikuwa 15 Aprili, kisha ikasogezwa hadi 15 Oktoba. Wasomaji wa Kenya wanakumbuka zile foleni, watu na vitambulisho mkononi wakipigwa picha nje ya maduka ya simu. Kwa wengi wetu yalikuwa maudhi ya nusu siku. Kwa kijana wa njugu yalikuwa jambo jingine, kwani laini aliyoitumia, na akiba yake yote ndani yake, ilikuwa kwa jina la tajiri.

Walikosana Septemba ya mwaka huo. Alihesabu siku zake, akahesabu alichopewa, akasema hazilingani. Alisema tu, hakupiga kelele. Kesho yake simu yake ikaandika kwamba hakuna mtandao. Tajiri alikuwa ameingia duka la simu na kitambulisho, akasema kadi yake imepotea, akapewa mpya yenye namba ile ile. Duka halikukosea. Laini ilikuwa yake kweli, kwa karatasi. Pesa za kijana, zaidi ya elfu kumi na moja, zilihama mfuko mmoja kwenda mwingine bila mtu kumgusa, na hapakuwa na kituo cha polisi ambacho angeweza kuingia kupeleka malalamiko, kwa sababu swali la kwanza kituoni ni lile lile la fomu zangu.

Ndipo akaniomba nimsajilie laini. Nilijua uzito wake: laini hiyo ikitumiwa kumtapeli mtu, mlango utakaogongwa ni wangu. Nilimwangalia nikasema sawa. Tukaenda, nikatoa kitambulisho, nikapigwa picha, yeye akisubiri ng'ambo ya barabara. Akahama kwa tajiri, akaanza kununua njugu zake mwenyewe. Nikajiona nimetenda jema, na ninaamini nilitenda jema.

Lakini kuna jambo lilibadilika kati yetu, na ilinichukua karibu mwaka kuliona.

Kabla ya laini, tulibishana. Alikuwa akiniambia njugu za Nakuru zina mchanga, mimi namwambia za kwao hazijawahi kuonekana. Aliniambia chai yangu ni maji ya moto. Baada ya laini, kila nililosema lilikuwa kweli. Nikimtuma makaa, anakwenda. Nikichukua njugu nikasahau kulipa, hakumbushi. Siku moja nilipungukiwa na pesa ya umeme, mteja amesimama, na namba ya siri ya M-Pesa yake niliijua kwa sababu mimi ndiye niliyeiweka. Nikachukua 500 kwenye laini yake. Nilimwambia jioni. Nilimrudishia baada ya siku tatu.

"Hakuna shida, dada," alisema.

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Angesema nini kingine? Aliyewahi kumwambia mwenye laini kwamba hesabu hazilingani alikuwa yeye huyo huyo, na alijua kilichofuata. Mimi sikuwa tajiri yule. Sikuwa na nia ya kumwibia. Lakini nilikaa kwenye kiti kile kile, na yeye alikuwa ameshajifunza mtu wa kiti hicho anaongeleshwaje.

Tangu hapo nikaanza kuona jambo hilo kila mahali. Watu huuliza vijana wasio na karatasi wanakosa nini, na wanataja shule, hospitali, kazi. Ni kweli wanavikosa. Lakini mara nyingi hawavikosi kabisa. Wanavipata kwa jina la mtu. Chumba kimepangwa kwa jina la rafiki. Simu ni ya dada wa duka. Mtoto anatibiwa kwa kadi ya shangazi. Pikipiki ya boda ina leseni ya mwingine. Kila kitu wanacho, na kila kitu kimeazimwa, na aliyeazima hagombani na mwenye mali. Mwenye nyumba akiongeza kodi katikati ya mwezi, kijana analipa. Mteja akila njugu akaondoka, kijana anatazama pembeni. Anaposukumwa kwenye foleni, anarudi nyuma. Wenye mtaa wakiona, wanasema, "Hawa Warundi ni wapole sana." Nami nilikuwa nikisema hivyo.

Ninaandika haya nikijua kwamba karibu kila familia ya hapa ina kijana kama huyu, ila yuko ng'ambo. Kanisani kwetu huwa tunawaombea watoto "wapate makaratasi", na hakuna anayeuliza makaratasi gani. Binamu yangu alipelekwa Marekani mwaka 2004, akiwa na miaka mitano, viza ya kutembea, na wazazi hawakurudi. Alisoma shule za umma huko bila kuulizwa chochote, kwa kuwa Mahakama ya Juu ya nchi ile iliamua tangu 1982 kwamba mtoto hafukuzwi shule kwa kukosa hati. Alipofika kidato cha juu ndipo akagundua wenzake wanachukua leseni za udereva na yeye hawezi. Kilichomwokoa ni mpango uliotangazwa na serikali ya Obama tarehe 15 Juni 2012, unaoitwa DACA, kwa walioingia kabla ya kufikisha miaka 16 na ambao wamekuwa huko mfululizo tangu Juni 2007. Unampa kibali cha kazi na kinga ya kutofukuzwa kwa miaka miwili miwili. Haumpi uraia, wala ukaazi wa kudumu. Kila baada ya miaka miwili analipa, anapigwa alama za vidole, anangoja.

Baba yake binamu huyo, ambaye baadaye alirudi peke yake, alifariki mwaka 2019, akazikwa Njoro. Serikali iliyofuata ilikuwa imetangaza Septemba 2017 kwamba inaufuta mpango ule. Mahakama ziliuokoa, lakini ile ruhusa ya kutoka na kurudi ilikuwa imesimamishwa. Kijana akitoka, harudi. Basi alimzika baba yake kwa simu. Mimi ndiye niliyeshika simu hiyo kando ya kaburi, mkono umekufa ganzi, naye analia kwa Kiingereza kwa sababu Kiswahili alikisahau. Matanga nzima ilimlilia yeye kuliko marehemu. "Maskini mtoto wa watu, katika nchi ya wenyewe." Tulisema hivyo tukikaa vivulini. Nje ya ua, kijana mwingine alikuwa akipita na ndoo za njugu, akitafuta wanunuzi katika umati wa mazishi. Sikumbuki kama kuna aliyemsalimu.

Walimchukua kijana wangu mwaka 2024, siku ya Alhamisi, karibu na soko. Nilipata habari jioni kutoka kwa mwenzake mdogo aliyekuwa ng'ambo ya barabara na ndoo moja. Mtoto yule alikuja akihema, akafungua kiganja, kukawa na kadi ya simu.

"Amesema nikupe. Ameitoa kabla hawajachukua simu. Amesema isije ikakuletea shida, dada. Amesema laini ni yako."

Sikwenda kituoni. Naliandika hili wazi. Niliogopa swali la kwa nini namjua, niliogopa kuambiwa nimeficha mtu. Nilifunga chapati sita kwenye karatasi nikampa mtoto yule, na sijui hata kama zilifika. Ijumaa nikafungua saiba kama kawaida. Jumamosi nikaamka nimekata shauri niende, nikaenda, nikaambiwa wale wageni wamekwisha kupelekwa mpakani. Nilisimama pale nje na kitambulisho changu mkononi, tayari kukitoa, na hakuna aliyekihitaji.

Hajapiga simu. Namba yangu aliijua kwa kichwa.

Mama yangu hukiita kitambulisho kipande, kama wazee wote wa Kenya. Neno hilo lina historia chungu. Wakoloni walitunga sheria ya kuandikisha Waafrika mwaka 1915, wakaanza kuitekeleza vita vikuu vya kwanza vilipokwisha, na mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu akalazimishwa kutembea na karatasi zake ndani ya kijisanduku cha chuma kilichoning'inia shingoni. Asipokuwa nacho, anakamatwa. Mwajiri alikuwa akiandika humo mfanyakazi aliingia lini, analipwa kiasi gani, ameruhusiwa kuondoka au hapana. Harry Thuku alipopinga kipande na kodi, alikamatwa Machi 1922, na watu waliokwenda Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Sina la kuongeza hapo, ila kwamba tajiri wa njugu hakuhitaji kusoma historia ili ajue kuchukua karangamuntu ni kumfunga mtu kamba.

Na mama mwenyewe aliwahi kukikosa. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru, nyumba yetu Kaptembwo iliungua na kila kilichokuwa ndani. Tulikaa kwenye mahema ya uwanja wa maonyesho. Mama hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha yeye ni nani, na kwa miezi hiyo nilimwona akipungua sauti. Alianza kusema "samahani" kwa watoto wadogo. Lakini mama alikuwa na faili mahali fulani Nairobi. Vidole vyake vilikuwa vimewahi kuwekwa wino. Walivilinganisha, wakampa kipande kingine, na sauti ikarudi. Kijana asiye na faili hana pa kurudishiwa.

Kuna binti wa ploti yetu ambaye habari yake ni tofauti, na inanipa uchungu wa aina nyingine, kwani yeye hakuvuka mpaka wowote. Alizaliwa hapa Nakuru mwaka 2005. Aliyevuka ni mama yake, kutoka Tororo kupitia Malaba, akaja kufanya kazi za nyumba, kisha akauza mitumba. Hakuwahi kushughulikia hati zake. Baba alikuwa dereva wa lori, Mkenya, mwenye mke kwake.

Binti alikuja kwangu baada ya matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya mwaka 2023, amepata alama ya kumwingiza chuo. Mama yake alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Alileta cheti cha kuzaliwa kwenye bahasha ya plastiki, akakitandaza juu ya meza kwa ncha za vidole. Nimeona vyeti vingi. Kwenye jina la baba palikuwa na herufi X zimepangwa mstari. Ndivyo ilivyokuwa kwa watoto waliozaliwa nje ya ndoa: Kifungu cha 12 cha sheria ya kuandikisha vizazi na vifo kilizuia jina la baba lisiandikwe hadi baba na mama waombe pamoja. Jaji Mumbi Ngugi alikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha katiba mwaka 2016, lakini X za mwaka 2005 hazikujifuta.

Na katika X hizo ndimo ulimokuwa uraia wake. Katiba yetu, Ibara ya 14, inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama au baba alikuwa raia wa Kenya. Kuzaliwa tu katika ardhi hii hakutoshi. Mtoto aliyeokotwa akionekana hajafika miaka minane na wazazi wake hawajulikani, katiba humhesabu kuwa raia. Binti huyu hakuokotwa. Alilelewa, alipelekwa shule, alipendwa, na mama aliyempenda hakuwa na kitambulisho cha Kenya. Chini kabisa ya cheti chake kuna mstari mdogo wa Kiingereza unaosema kwamba cheti hicho si uthibitisho wa uraia. Nilikuwa nimevipiga kopi vyeti vya namna hiyo maelfu kwa maelfu, na sikuwahi kuusoma mstari huo hadi siku ile.

"Si niende tu Uganda, anti?" aliniuliza. "Huko wanasema mimi ni wao." Pengine kisheria ni kweli, kwa upande wa mama. Lakini hakuwa na karatasi ya Uganda pia, na Tororo hakuwahi kuiona. Alijua Kiswahili, Sheng, na Kikuyu cha kununulia mboga. Kwao ni Bondeni, mlango wa pili kutoka bombani.

Tukamtafuta baba. Sitaeleza yote, mengine si yangu kuyaeleza. Tulikwenda na mzee wa mtaa, tukamkuta mtu mpole, mnene, mwenye hofu kubwa na mke wake. Hakumkana mtoto. Alisema tu, "Sasa hivi hapana." Alisema hivyo kwa miezi minne. Kila jioni binti alipita saiba akaniangalia, mimi natikisa kichwa, anakwenda. Hakumlaumu baba hata mara moja. Nilitamani amlaumu. Nilitamani apige meza. Badala yake alikuwa akinifagilia sakafu bila kuombwa, na kila alipofagia nilikumbuka makaa aliyokuwa akiniletea kijana wa njugu.

Mwishowe mke wake mwenyewe ndiye aliyesema mtoto hana kosa. Baba akaandika hati ya kiapo, akatoa nakala ya kitambulisho chake, tukaanza kubadilisha cheti, kisha barua ya chifu, kisha msasa, yaani kuhojiwa na wazee kama kweli wewe ni wa hapa. Kabla ya kwenda mbele ya wazee wa msasa, binti alikariri jina la babu, la baba wa babu, la ukoo na la mto ulio karibu na kwao na baba yake, mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Alikariri usiku na kitabu mkononi kama mtu wa mtihani. Walimuuliza mengine kabisa. Walimuuliza alisoma shule gani ya msingi na mwalimu mkuu alikuwa nani, akajibu akitetemeka, na mmoja wa wazee akasema, "Huyu mama yake aliniuzia koti."

Kitambulisho kilitoka baada ya muda mrefu kiasi kwamba nafasi ya chuo ya mwaka ule ilikwisha kupotea. Ataomba tena. Siku hiyo alitoka nacho moja kwa moja hadi duka la simu, akasajili laini, akaja kwangu anakimbia.

"Anti, nitumie hata kumi."

"Ya nini?"

"Tuma tu. Nataka nione litaandikaje."

Nikaweka namba. Kabla sijathibitisha, jina likatokea kwenye simu yangu, herufi kubwa, na la mwisho lilikuwa la baba. Nikamgeuzia kioo aone. Alilisoma kwa sauti, taratibu, kisha akaniomba nisithibitishe kwanza, aliangalie kidogo.

Wiki iliyofuata alikuja kutoa kopi za maombi yake ya chuo. Kurasa tatu, shilingi 30. Alizishika, akazitazama moja moja, akairudisha ya tatu mezani.

"Hii imetoka na weusi pembeni. Siwezi kuilipia."

Nilimjua binti huyo tangu akiwa na meno ya mbele hayapo. Hakuwahi kuniambia neno kama hilo. Nikaitazama kopi. Ni kweli, ilikuwa na weusi. Nikamrudishia shilingi 10. Akaipokea, akaitia mfukoni, akaniambia mashine yangu inahitaji kusafishwa, na asingetoka hadi nimtolee nyingine.